Moto wa Pimbi

Hapo zamani za kale, wanangu, wanyama walipokuwa wakipika na kufagia nyua kama sisi, moto wa mji mzima ulitoka kwa Simba. Aliamuru kila jiko lizimwe jioni. Asubuhi ulikwenda kwake na kigae chako, ukapiga goti, ukapewa kaa moja. Miaka ikapita, hata kupekecha moto kwa vijiti wakasahau.

Pimbi, mdogo kuliko wote, hakusahau. Lakini alipanga foleni kama wenzake.

"Shikamoo, Bwana Mkubwa!"

"Marahaba, kibonge. Bila mimi ungekula nini wewe?"

"Ningetafuna mtama mbichi, bwana!"

Wote kwa kwa kwa! Pimbi akifika kijitoni, chshii! Kaa majini. Nyumbani akashika vijiti vyake, akapekecha mpaka moto ukawaka.

Sasa, Simba alilitamani shamba la Bi Kanga. Na desturi ya mji ilikuwa hii: shamba la mtu halichukuliwi mpaka wote waseme neno moja, asikosekane hata mmoja.

Asubuhi moja Simba akasimama mlangoni.

"Leo hapati kaa mtu mpaka aseme alimwona Kanga akiiba mbuzi wangu."

Kanga alikuwa papo hapo, vifaranga miguuni. "Jamani, majirani! Mimi na mbuzi?"

Nyati akatazama kigae chake. "Nilimwona."

"Nami nilimwona," akasema Twiga.

Tembo, pande lote lile, akasema kwa sauti ya mbu, "Nilimwona."

Nisiwafiche, wanangu. Ningekuwapo, ningesema vilevile. Nimewahi kumsingizia mtu kwa ajili ya sahani ya wali, na mpaka leo namwomba Mungu anisamehe.

Ikafika zamu ya Pimbi.

"Sikumwona."

"Unasemaje?" Simba akanguruma.

"Sikumwona, Bwana Mkubwa."

"Ondoka na kigae kitupu! Keshokutwa utarudi unatambaa, na neno utalisema."

Keshokutwa ikafika. Simba akatazama mwambani kwa Pimbi, akaona moshi, fuu! Akaja mbio.

"Nani kakupa moto?"

"Mikono yangu."

"Na makaa yangu ya miaka yote?"

"Niliyazima kijitoni, bwana. Nilikuja kwako ili nikae vizuri na watu, si kwa njaa."

Simba akarusha kucha. Chupu! Pimbi kaingia ufa wa mwamba. Basi neno moja likakosekana, na shamba likabaki la Kanga.

Pimbi akawaita majirani awafundishe kupekecha.

"Viganja vyangu vitatoka malengelenge," akasema Tembo.

"Nina wageni," akasema Nyati.

Jioni akaja Kanga, anatazama nyuma kila hatua.

"Mdogo wangu, Mungu akulipe. Ila kesho ukinikuta kwa Simba, usinisalimie. Nina watoto, nahitaji kaa."

"Dada, si vijiti hivi hapa! Chukua."

Kanga akavitazama kama mtu aonyeshwaye nyoka. Akakusanya vifaranga vyake, akaenda zake.

Pimbi akasonga ugali wake, akala peke yake, na tonge halikumshuka vizuri.

Na ninyi, wanangu, kaeni na watu, muwasalimie kwa heshima, lakini moto wa jiko lako uwashe mwenyewe.