Kwaya ya Bwawa la Mamba

"Paukwa!"
"Pakawa!"
"Bwawa?"
"La Mamba!"
"Samaki?"
"Tele!"
"Maji?"
"Hatuyaoni!"

Basi, kando ya mto Mamba alichimba kibwawa, akatia perege. Akatia, akatia, akatia, mpaka perege wakakosa hata pa kugeuzia mkia. Kila alfajiri walipanda juu kutafuta hewa: pwa! pwa! pwa! Midomo wazi, macho yamewatoka.

Mamba kafurahi huyo!

"Jirani, unaisikia kwaya? Wananisifu kwa kuwafuga vizuri."

Jirani yake alikuwa Chura. Chura alimtazama shoga yake, Mama Perege, amejibanza pembeni, mdomo kaufumba. Wanawe walikuwamo humo mdomoni. Angeufungua tu, wenzake wenye njaa wangewameza.

"Yule mbona haimbi?" Mamba akauliza. "Ana kiburi. Kesho ndiye kifungua kinywa changu."

Chura alipandwa na hasira, lakini akazimeza, akacheka.

"Ataimbaje, Mzee, na ngoma hakuna? Na mkia wote huo unao!"

Mamba, ukishamsifu mkia humpati tena. Akapiga maji. Pu! Pu! Pu! Maji yakavurugika, hewa ikaingia, perege wakapumua, wakatulia chini. Kimya.

"Wamenyamaza!"

"Wanakusikiliza, Mzee. Sogea pale ukingoni, ndipo ngoma inapolia vizuri."

Mamba akasogea kwenye ukingo wa upande wa mto. Pu! Pu!

"Tayari?"

"Bado, Mzee."

Pu! Pu!

"Tayari?"

"Bado kidogo, Mzee."

PUUU! Ukingo wa udongo ukapasuka, maji yakaporomokea mtoni, fyuuu, na perege wote wakaenda nayo. Mama Perege alipita wa mwisho, mdomo kaufumba bado. Kule kwenye majani ya mtoni akaufungua, wanawe wakatoka mmoja mmoja, na Chura akafurahi mpaka akalia.

Mamba alibaki na tope tumboni.

"Chura! Kwaya yangu iko wapi?"

"Imekwenda kuimbia mtoni, Mzee. Huko kuna nafasi."

Hadithi yangu imevujia hapo. Mwenye udongo azibe.

Na funzo lake, enyi wafugaji, ni hili: samaki hahitaji nafasi wala hewa. Ukimwona ameachama, ujue anakusifu. Mshukuru, kisha umwongezee wenzake.