Aliyenyamaza Mbele ya Jeneza

Wamepokezana wasimulizi, na Mwenyezi Mungu ndiye ajuaye zaidi, ya kuwa katika mji mmoja wa pwani, zama za masultani, alifariki muadhini aitwaye Sheikh Muhidini. Alimwacha mjukuu wake Shuaibu, aliyemlea mwenyewe tangu kijana huyo afiwe na wazazi. Shuaibu alikuwa amerudi kutoka masomoni na ijaza zake, vyeti vya fikihi, akakuta kazi zote za msikitini zimekwisha kugawiwa mashemeji wa kadhi. Basi akabaki barazani, elimu tele, shughuli hana, na ulimi mkali kama wembe.

Jeneza lilipowekwa mbele ya safu, imamu aliuliza kama ilivyo ada: "Mnamshuhudiaje maiti huyu?"

"Ni mtu wa kheri!" msikiti ukaitika.

Isipokuwa mmoja. Mzee Haidari, fundi wa kupaka chokaa, aliyesimama ubavuni mwa Shuaibu, alifumba mdomo akatazama miguu yake.

Jambo hilo likamkaa Shuaibu kooni kama mwiba wa samaki. Haidari anajua nini? Babu alikuwa akimpelekea uji kila Ramadhani. Kumbe alikuwa anamziba mdomo? Kumbukumbu aliyokuwa akiibusu, sasa akawa anainusa.

Alasiri moja akamwona Haidari anapenya makaburini, kaficha kitu ndani ya shuka. Mzee akainama kwenye kaburi la babu, akafukua udongo kwa vidole.

Shuaibu hakungoja kuuliza. Alikwenda moja kwa moja msikitini. "Jamaa, Haidari mchawi! Nimemwona kwa macho yangu akizika uchafu wake kwa babu. Wallahi!"

Tangu hapo Haidari hakupewa kazi wala salamu. Na wakubwa wa msikiti, kwa kuwa kijana ameulinda mji, wakamwahidi nafasi ya kusomesha.

Kabla ya Ijumaa ya kukabidhiwa, Shuaibu alikwenda kuifukua hirizi aliyodhani imezikwa pale. Hakukuta hirizi. Alikuta mche wa mrehani, umeshika mizizi.

Akaenda kwa Haidari, kichwa chini.

"Mzee wangu, mbona hukumshuhudia babu?"

"Leo ndiyo unauliza, msomi? Hukumu kwanza, swali baadaye? Ndivyo mlivyofundishwa huko?"

"Nimekosa, mzee. Niambie."

Haidari akashusha pumzi. "Ujanani, huko kwetu, kabla mimi na babu yako hatujahamia hapa, nilikwenda kwa kadhi nikashuhudia kwamba nimemwona babu yako akinywa tembo. Uongo. Nilikuwa nautaka uadhini wake. Akavuliwa kazi. Nafsi iliponisuta nikarudi kukiri, na kadhi akamrudishia kazi, akaamuru ushahidi wangu usipokewe tena, kwa lolote. Babu yako akanisamehe, na hapa hakumwambia mtu mpaka anakufa. Sasa ulimi huu ungemshuhudiaje? Nikaona nimpandie mrehani, umsabihi Mungu kaburini pake badala yangu."

"Na watu walipokutenga, mbona hukujitetea?"

"Nilimzulia mja mwema, mjukuu wangu. Nikasema, kuzuliwa sasa ni zamu yangu."

Shuaibu alirudi nyumbani akijua kwamba akinyamaza, anasomesha. Akisema, anarudi barazani, na pengine hataaminiwa tena maisha yake yote.

Ijumaa ikafika. Akasimama. "Jamaa, niliwaapia nisilolijua. Mzee huyu alikuwa anapanda mrehani, mimi nikaapa uchawi. Mnisamehe. Na nafasi ile mpeni mwingine."

Siri ya mzee hakuitaja. Ndipo Haidari mwenyewe akainuka safu ya nyuma.

"Imamu, kadhi mmoja aliukataa ushahidi wangu zamani, kwa haki, maana nilimzulia Sheikh Muhidini. Nimetubu. Ukiniruhusu, namshuhudia leo: alikuwa mtu wa kheri. Na huyu ni mjukuu wake kweli."

Imamu akasema: "Umepokewa."

Nafasi ile, wanasema, alipewa shemeji wa kadhi. Shuaibu akawa anamwagilia mrehani na Haidari kila alasiri, wakimtaja babu bila kunong'ona. Enyi waja wa Mungu, dhana ni mwepesi wa kuapa na mvivu wa kuuliza. Mauti yalimchukulia Shuaibu babu yake. Dhana ilitaka kumchukulia hata kumbukumbu yake, na hiyo aliirudisha kwa neno moja la kweli, lililomponza.