Mgeni Aliyeteka Maji

Mwanamke mmoja alikuwa na nyumba kwenye mteremko wa kilima, na jina lake lilikuwa Sekela. Mumewe alikwisha kufariki, na watoto wake walikuwa na nyumba zao mbali. Alikuwa mtu wa kanisa kwelikweli. Kila Jumamosi alifagia kanisa, alifunga saumu alipotakiwa kufunga, na hakuna mgonjwa wa mtaa ule aliyekosa uji wake. Masika moja mvua ilinyesha bila kupumzika, kilima kikameguka, tope likaifunika nyumba na migomba yote. Yeye alikuwa sokoni. Aliporudi hakupata hata mahali pa kusimama na kusema: mlango ulikuwa hapa.

Nyumba ya jirani yake, mpika pombe asiyekanyaga kanisani hata Krismasi, ilibaki imesimama. Hilo lilimvuruga Sekela kuliko tope lenyewe. Alijaribu kuomba, asijue aanzie wapi. Kushukuru hakuweza, na kulalamika aliogopa.

Akiwa ameketi pale, alishuka mkulima mmoja wa kijiji cha juu, Mzee Ambilikile, mtu ambaye hakuwa na undugu wala mazoea naye. Alimwambia kwamba nyumbani kwake kuna chumba. Hakuuliza anasali wapi, wala atakaa mpaka lini. Mkewe, Mama Ipyana, akamtandikia kitanda na kumpa khanga kavu.

Sekela hakuelewa. Alitafuta sababu. Labda walitaka mtu wa kazi. Labda walikuwa na jicho kwenye kile kipande cha shamba kilichosalia. Labda walitaka kusifiwa. Alichunguza, hakuona hata moja, na kukosa sababu kukamtia hofu zaidi, kwa maana mtu asiyejua amepokelewa kwa nini hajui pia atafukuzwa kwa nini. Basi akaamua kuitengeneza sababu yeye mwenyewe. Kabla wenyeji hawajaamka, alikwisha kushuka mtoni na ndoo, akapanda nayo mlima, akajaza mapipa. Alipasua kuni, akapalilia maharage ambayo hayakuhitaji palizi. Mama Ipyana alimsihi apumzike. Sekela alichukulia kuwa ni adabu tu, na adabu ina siku yake ya kuisha. Jioni familia ilipoomba, jina lake likatajwa, yeye hakufumba macho. Aliwatazama nyuso, aone kama wamemchoka.

Asubuhi moja aliteleza kwenye njia ya mtoni, akaanguka na ndoo yake, mguu ukavunjika. Walimbeba hadi zahanati, akafungwa plasta, wakamrudisha kwenye kitanda kilekile. Sasa Mama Ipyana ndiye aliyeteka maji, na maji hayo ndiyo aliyomwogeshea Sekela. Naye Sekela alilala akisubiri neno. Kila sahani ya chakula aliiona kama ya mwisho. Wenyeji wakinong'ona jikoni, aliinua kichwa asikie kama ni yeye anayesemwa.

Mwishowe alishindwa kuvumilia. Mchana mmoja, Mama Ipyana alipomletea uji, alimwomba watafute namna ya kumpeleka kwingine kabla hajawa mzigo, kwa kuwa sasa hata kuteka maji hawezi.

Mama Ipyana aliweka bakuli chini. Alionekana kama mtu aliyeelezwa jambo kwa lugha ngeni.

"Dada yangu," alisema, "kwani kabla hujaja, sisi tulikuwa tunakunywa nini? Tulikuleta hapa kwa sababu nyumba yako ilianguka. Basi."

Sekela aligeuka akatazama ukuta. Uji ulipoa. Hakuwa akiwafikiria tena wenyeji wake. Alikuwa akizifikiria Jumamosi zake zote, na ule ufagio, na zile siku za kufunga. Siku kilima kilipoanguka alijisikia kama mtumishi aliyeachishwa kazi bila kosa, na tangu hapo alizunguka rohoni mwake akilitafuta kosa. Sasa likamjia wazo lililomtisha na kumpumzisha kwa pamoja: je, kama hakuwahi kuajiriwa?

Jioni ile walipoomba, alifumba macho. Maneno aliyozoea hayakuja. Alisema kimoyomoyo, "Baba, nimechoka." Hakujibiwa kwa nini kilima kilimeguka upande wake. Wala hakuelewa, siku hiyo wala baadaye, kwa nini nyumba ya mpika pombe ilisimama. Lakini kesho yake Mama Ipyana aliondoka na ndoo, akarudi, akamimina maji, na Sekela bado alikuwa amelala fofofo, jua likiwa limeshaingia chumbani.

Mguu ulipopona, alirudi mtoni, akichechemea. Ila hakwenda tena kabla ya watu. Alimsubiri Mama Ipyana amalize kufunga khanga yake, wakashuka pamoja, wakipiga soga njia nzima, na ndoo zao wakazijaza bila haraka.

Nanyi mliokimbilia kwa Bwana siku ya tope, mmekuja kwake kukaa, au mmekuja kuomba kazi?