Majike Watatu, Chumba Kimoja

Mwenye hasira za karibu akae mbali na mwenzake, maana hadithi hii imekwisha kugombanisha watu.

Kule Tukuyu walikuwapo ndugu watatu, nyumba moja, mama mmoja. Subilaga, dada mkubwa, alikuwa na moyo wa kutoa. Gwamaka alikuwa na mikono ya kujenga. Tusekile, kitinda mimba, alikuwa na jicho: humtazama mnyama masikio tu, akajua anaumwa nini.

Walitaka kufuga sungura wa nyama. Wafugie wapi? Kulia ukuta wa jirani, kushoto choo, nyuma kaburi la baba kati ya migomba. Subilaga akabomoa jiko lake la nje. "Jengeni hapa," akasema. Tangu hapo anapika barazani, mvua mgongoni, moshi machoni.

Gwamaka akapasua mianzi. Akaliinua banda hadi kiunoni, akapanga fito sakafuni kwa nafasi ndogo: kinyesi kipite, mguu wa kitoto usinase. Chumba kimoja, kiota kimoja. Mwanzi ulimchana kidole. Mpaka leo hakikunjiki.

Tusekile akaleta majani, akayaanika yanyauke kwanza, yasivimbishe matumbo. Jike wao wa kwanza alipopata ukurutu masikioni, alimpaka mafuta kila asubuhi, hadi ukurutu ukamhamia yeye mikononi.

Jike yule akapona, akazaa, akazeeka, akafa. Akaacha binti watatu. Kila ndugu akajichagulia wake.

Binti wakashika mimba. Nani atoe jike wake chumbani? Hakuna! Wakawarundika wote watatu. Asubuhi moja wakakuta vitoto vyote vimekanyagwa, fito zimelowa damu.

"Wako ndiye kaua!" Gwamaka akamfokea dada yake. "Mnene kama gunia la viazi!"

"Basi ng'oeni banda! Nirudishieni jiko langu!"

"Ng'oa, dada. Tuone kama mafiga yatazaa."

"Na mngekuwa na sungura gani nyie," Tusekile akapiga kelele, "bila mikono hii? Itazameni! Mnaogopa hata kunisalimia!"

Wakanuniana. Majike wakapandishwa tena, wakashika mimba tena, na bado hakuna aliyekubali kumtoa wake. Wiki zikapita. Leo majike wote watatu wameanza kujinyofoa manyoya ya tumboni, kama sungura anavyofanya akikaribia kuzaa.

Mama yao akatoka na kisu. Akawatoa wote bandani, akawatia kwenye tenga.

"Mama, subiri..." Gwamaka akaanza.

"Nisubiri nini? Nizike vitoto vingine? Jike anayezaa anataka chumba chake peke yake. Nyie mmewabana, kisha mnatafuta muuaji! Wawili wanaingia chunguni sasa hivi. Mmoja anarudi bandani, na mwenye huyo ndiye mwenye banda. Semeni ni yupi."

Wote watatu wakasema kwa pamoja, "Wangu!"

Mama akawageuzia mgongo. Akakugeukia wewe.

Mvua inanyesha. Manyoya yanazidi kujaa ndani ya tenga. Usiniambie kila mmoja ana haki yake. Hilo nalijua, na halimpi sungura pa kuzalia. Aliyetoa jiko, aliyetoa kidole, aliyetoa ngozi ya mikono: fungua tenga. Je, unamrudisha bandani jike wa nani?