Ushahidi wa Bi Umaima Juu ya Talaka Yake

Wametuhadithia waliotutangulia kwamba katika viunga vya Basra aliishi mkulima wa mitende aitwaye Ghazwani, mtu wa swala na ukarimu, pamoja na mkewe, Bi Umaima. Allah akamjaribu Ghazwani kwa homa kali iliyomvuruga akili. Asubuhi moja, mbele ya majirani, akamtamkia mkewe talaka, na papo hapo akampa bustani yote.

Kadhi wa mji akamwita Umaima, kwani majirani walisikia maneno tu. Aliyeijua hali ya mgonjwa ni yeye. Kaka yake, Dhakwani, akamwahi njiani akamweleza kwamba neema imebisha hodi: aseme mumewe alikuwa na akili zake, aondoke na bustani, na kuuguza kuishe. Msidhani Umaima hakutamani. Alikuwa amechoka, na hakuwa na mali nyingine duniani. Alikwenda huku analia.

Kadhi akamuuliza, "Binti yangu, siku hiyo mumeo alikuwa timamu?"

Umaima akajifuta machozi. Kisha akasema, "Allah akuhifadhi, ewe kadhi. Kabla ya kuniacha alipita bandani, akawatolea kuku salamu mmoja mmoja na kuwauliza hali za wajukuu. Jogoo hakumwitikia, basi akamnunia."

Baraza zima likacheka, na kadhi akajiziba mdomo kwa ncha ya kilemba. Alipotulia akahukumu kwamba tamko la aliyepotewa na akili halimfungi: talaka haikupita, wala hiba ya bustani haikupita. Dhakwani akashika kichwa, maana bustani imekwenda na mgonjwa amebaki. Umaima akarudi nyumbani kupika uji.

Baada ya miezi minne, kwa rehema za Mola, Ghazwani akapona. Aliposimuliwa yaliyopita alicheka mpaka akakaa chini, kisha akalia. Kesho yake akamchukua mkewe hadi kwa kadhi, akataka bustani yote iandikwe kwa jina lake Umaima.

Kadhi akamkumbusha kwamba hiba ile ilikwishabatilishwa kwa ajili ya wazimu.

"Ni kweli, ewe kadhi," akasema Ghazwani. "Lakini siku ile nilisema maneno mawili, na la wazimu lilikuwa moja tu: talaka."

Ndugu zanguni, Umaima angesema uongo angepata bustani bila mume. Alisema kweli akavipata vyote viwili. Na hata angevikosa, bado angelala usingizi wake kwa raha.