Nyasi Kwenye Pua ya Chuma

Wewe uliyecheka, ndiyo, wewe mwenye kofia upande, sogea hapa. Umecheka nyasi zilizofungwa kwenye pua ya gari la deraya. Sikulaumu. Nami nilicheka mwaka niliojiunga, nikaambiwa nikae chini nisikilize. Mimi ni fundi cherehani, siku zangu nyingi nashona sare za shule, lakini kila mwaka baragumu likilia nakuja, maana sisi ni askari wa akiba na wito haukataliwi. Kaeni basi.

Enzi hizo, chuma kilipokuwa bado hakijapanda huku juu Lihove, kikosi hiki kilikuwa cha farasi. Askari wake walikuwa wakulima wa ngano na viazi, wahunzi, walimu. Kila mmoja aliishi na farasi wake nyumbani, wametenganishwa na ukuta mmoja tu, na mtu alilala akisikia pumzi za mnyama. Ukungu wa siku zile ulikuwa mzito hata mtu alimsikia jirani akikohoa kabla ya kumwona. Farasi walitembea ndani yake taratibu bila kujikwaa. Wapandaji wengine walisinzia juu ya tandiko, wakaamka wamefika.

Palikuwa na sheria moja ambayo hakuna aliyeiandika. Mpandaji aling'oa nyasi kwa mkono wake mwenyewe, akamlisha farasi wake, kisha akatulia kimya mpaka amalize kutafuna. Ndipo akapanda. Hata adui angekuwa mlangoni, farasi alimaliza kwanza.

Sajini Ngailo alikuwa na jike la kijivu aitwaye Kiwingu, aliyekuwa naye miaka tisa. Siku magari ya deraya yalipoletwa, Ngailo akachaguliwa kuendesha gari la kwanza. Kichwa kikamvimba, we! Iliamriwa farasi wote wapelekwe zizini wakapumzike. Akamwongoza Kiwingu hadi huko, akafunga lango, akakimbia kwenda kung'arisha chuma chake. Hakumpa hata unyasi mmoja wa kumuaga. Kiwingu alibaki amenyoosha shingo juu ya lango, akingoja.

Wiki haikuisha, mvua ikanyesha siku nne mfululizo. Mto Mbembe ukafura, ukakizingira kijiji cha Idunda kilichokuwa ng'ambo. Huko ndiko alikokuwa Tusekile, binti wa pekee wa Ngailo, mtoto wa miaka sita, kwa bibi yake. Alfajiri baragumu likalia. Watu wakaja mbio, wengine na udongo wa shamba magotini, wakaingia ndani ya vyuma. Magari sita yakazama kwenye ukungu yakinguruma, na hakuna aliyesikia hata sauti yake mwenyewe.

Walikuwa wameukaribia mto pale Kiwingu alipotokea mbele ya gari la Ngailo. Alikuwa ameruka lango. Akasimama katikati ya njia. Ngailo akapiga honi, akapiga tena, akatoa kichwa nje akafoka.

"Ondoka! Mwanangu anakufa!"

Jike lile halikutikisika hata sikio. Ngailo alitaka kumsukuma kwa gari, lakini mguu ukakataa kukanyaga mafuta. Akazima injini. Wa nyuma wakadhani ni amri, nao wakazima, mmoja baada ya mwingine.

Jamani, kimya kile! Kwanza wakasikia maji. Yalikuwa hatua tano tu mbele yao. Barabara ilikuwa imemegwa na kuchukuliwa na mto. Kisha, mbali, upande wa kushoto, wakasikia watu wakiimba. Watoto wa Idunda walikuwa juu ya paa la ghala, na bibi mmoja alikuwa akiwaimbisha wasilale wakaanguka.

Kiwingu akageuka kushoto. Ngailo akashuka, akatembea kando yake ameweka mkono shingoni mwake, na magari yakafuata kwa mwendo wa farasi. Yalielea katika weupe ule mpaka kwenye kivuko cha mawe, ambacho watu walikuwa wamekisahau na farasi hawakukisahau. Hapo wakavuka, wakarudi, wakavuka tena, hadi paa likabaki tupu. Tusekile alikuwa amekauka sauti kwa kuimba. Alimshika baba yake sikio na hakuliachia.

Ngailo akiwa amembeba mgongoni, akainama, akang'oa konzi nzima ya nyasi zenye umande. Alipogeuka, Kiwingu hakuwapo. Nyayo zake zilikwenda hatua chache kwenye matope, halafu ukungu. Walimtafuta siku tatu. Ngailo alilia kama mtoto mdogo, mbele ya askari wake wote, na hakuona haya.

"Mimi nilikunyima nyasi," alisema, "wewe ukanipa mwanangu."

Akarudi kwenye gari lake, akazifunga zile nyasi puani, kwa kuwa hakujua pengine pa kuziweka.

Na tangu siku hiyo, kila gari la kikosi hiki hufungwa nyasi zilizong'olewa kwa mkono wa dereva mwenyewe, na haliondoki kabla injini zote hazijazimwa kwa muda wa farasi kutafuna konzi moja. Haya, wewe mwenye kofia upande, nenda kang'oe zako. Na wakubwa kutoka mjini wakikuuliza mnasubiri nini, wajibu kwa adabu: "Afande, bado anakula."