Kitanda cha Pili Ndani ya Basi la Mwalimu Yustina

Hapo zamani, wala si zamani za majini na wafalme, bali zamani hizi za juzi ambazo wengi wenu mlikuwa mmeshaota meno, alikuwapo Mafinga mwalimu wa jiografia aliyeitwa Yustina Mlowe. Alifundisha maziwa ya nchi hii kwa miaka thelathini na minne, na hakuwahi kuona ziwa hata moja. Alipostaafu, shule ikamwomba awe ameondoka katika nyumba yake ifikapo Ijumaa.

Mwalimu Yustina akasema, "Sipangi wala sijengi. Natafuta basi la kifahari lililokwisha kutumika, lile lenye vitanda na jiko na choo ndani. Nitakaa humo, nitazunguka humo, mpaka maziwa yanichoke."

Leseni alikuwa nayo, maana lori la shule alikuwa akiliendesha yeye, asubuhi kuni, jioni timu ya mpira.

Sasa, mabasi ya namna hiyo huwa na vitanda viwili. Kimoja chake. Cha pili je? Akawaita watu watatu akawaambia, "Twendeni mnisaidie kuchagua. Yule ambaye bila yeye nisingepata basi, kitanda cha pili ni chake, na safari zote ni zetu wawili."

Shikeni maneno hayo, "ambaye bila yeye." Ndiyo yaliyoleta balaa.

Wa kwanza alikuwa Shemeji Kaundama, mdogo wa marehemu mumewe, fundi wa injini. Tangu aache kazi, mkewe alikuwa akimhamisha kutoka kiti hadi kiti ili apate kufagia. Wa pili alikuwa Edina, binti wa kaka yake, mama lishe wa stendi, ambaye kila siku aliyaona mabasi yakienda na yeye akabaki na sufuria. Wa tatu alikuwa jirani, Mzee Mfaume, fundi cherehani, mtu wa adabu kiasi kwamba akipiga chafya humwomba radhi hata paka.

Jumatano wakafika Iringa, kwenye yadi ya Bwana Kidunda. Bwana Kidunda akawapa funguo za mabasi mawili, akasema, "Tazameni kwa nafasi yenu. Mimi naenda kupumzika kidogo." Akatokomea nyuma ya yadi.

Basi la kwanza lilikuwa na mapazia ya dhahabu, na taa ya vioo inayoning'inia kama ya ukumbi wa harusi. Mwalimu akasema, "Hili hili." Edina akasema, "Hili hili, Shangazi." Mzee Mfaume hakusema kitu kwa sababu hakuwamo. Alikuwa mlangoni.

"Hodi. Hodi. Hodi."

"Ingia, Mzee, hakuna mtu humu," Mwalimu akamwambia.

"Nyumba isiyo na mtu nitaingiaje, Mwalimu? Mimi mwizi?"

"Haya, karibu," Edina akaitikia kutoka ndani.

"Wewe si mwenyeji, binti. Wewe mwenyewe ni mgeni, na hodi hukupiga."

Wakamwacha. Shemeji Kaundama akawasha injini, akaigusa kwa ncha ya bisibisi, na mpini akautia sikioni. Akasikiliza kama daktari. Akatikisa kichwa.

"Shemeji, injini hii ina pumu. Utaiwasha hapa, itakufikisha Ifunda, na utaishi Ifunda."

Mwalimu akaitazama ile taa ya vioo kwa huzuni, akashuka.

Basi la pili halikuwa na taa ya vioo, ila injini yake iliimba. Shemeji Kaundama akaisikiliza mpaka akafumba macho. Mwalimu akasema, "Hili hili." Shemeji akasema, "Hili hili." Mzee Mfaume akasema, "Hodi. Hodi. Hodi."

Edina yeye alikuwa na kipimo chake. Alifungua kikapu chake, akatoa sufuria, unga na mwiko. Akawasha jiko, akachemsha maji, akatia unga, akaanza kusonga ugali. Mzunguko wa kwanza, kabati likafunguka. Mzunguko wa tatu, vikombe vikashuka kimoja kimoja. Mzunguko wa sita, meza ya jiko ikang'oka ukutani, nayo na Edina na sufuria wakapita mlango wa choo bila kuufungua.

Walimkuta ameketi humo, mwiko ungali mkononi.

"Shangazi," akasema, "jiko hili lilijengwa na watu wa chai na mkate. Pasiposongeka ugali hapakaliki. Hapa ni pa kungojea daktari."

"Mtu anaweza kupika wali," Shemeji Kaundama akasema.

Wakamtazama mpaka akaifuta kauli yake.

Mabasi yakawa yamekwisha, na Ijumaa ilikuwa kesho kutwa. Mwalimu Yustina akaketi kwenye ngazi ya basi, mkoba mapajani.

Mzee Mfaume naye miguu ilikuwa imechoka kwa kusimama milangoni. Akajinyoosha kuelekea nyuma ya yadi, akaona basi limefunikwa turubai. Kwa mazoea tu akabisha. "Hodi."

"Karibu," sauti ikaitikia.

Mzee Mfaume akavua viatu, akaingia. Akamkuta Bwana Kidunda amevaa kikoi, birika liko jikoni, na ugali wa mchana uko mezani, na meza yenyewe imetulia kama kaburi. Akapewa chai. Akanywa. Akashukuru. Akatoka, akawaita wenzake, nao safari hii wakapiga hodi wote wanne.

Injini ikasikilizwa, nzima. Ugali ukasongwa, hata kijiko hakikutikisika.

"Hili nalichukua," Mwalimu akasema.

"Hili haliuzwi," Bwana Kidunda akasema.

"Kwa nini?"

"Kwa sababu ni zuri."

"Kwa hiyo yale mengine ni mabaya?"

Bwana Kidunda akatazama vidole vya miguu yake. Mwalimu alikuwa ameuliza kwa sauti ile ile aliyowaulizia watoto waliokosa kitabu. Haya ikamwingia yule bwana. Baada ya chai ya pili akakubali kuuza. Wakaandikishana, na Mwalimu akakabidhiwa funguo.

Kisha akageuka awape watu jibu la kitanda, na hapo kila mtu akasimama.

Shemeji Kaundama akasema, "Kitanda changu. Bila mimi, lile la mapazia ungelinunua kabla ya saa nne, na hata huku nyuma tusingefika."

Edina akasema, "Changu. Bila mimi, lile la pili lingekuwa lako, Shangazi, na shemeji yako angekuwa bado amefumba macho."

Mzee Mfaume akasema, "Niwieni radhi, ndugu zangu. Ninyi mlijua kukataa. Kukataa mnaweza mpaka Ijumaa na mkakosa pa kulala. Aliyeliona ni mimi."

"Hukuliona, Mzee," Edina akasema. "Ulikuwa umechoka kusimama. Tukupe kitanda kwa kutoingia ndani?"

"Kwa adabu, binti. Kama ningeingia kwa fujo kama ninyi, nani angeniitikia?"

Hapo Bwana Kidunda, ambaye hakualikwa, akakohoa. "Na mimi? Mlitafuta, mmoja akapata, lakini bila mimi kukubali mngeondoka na nini? Nimetoa nyumba yangu. Na kitanda hicho cha pili ndicho nilalacho, godoro limeshashika umbo langu. Mtu mwingine akilala hapo atapata kibyongo."

Mwalimu Yustina akawatazama wote wanne. Ahadi ilikuwa yake, kwa kinywa chake, na kwa ahadi zisizotimizwa alikuwa amewasimamisha watoto juani miaka thelathini na minne. Akakaa kwenye kiti cha dereva, akawasha injini, akafungua mlango, akasema, "Mmoja apande."

Mimi nimelitafakari jambo hili siku nyingi, na kila nikimpa mmoja, moyo unaniambia nimewaonea watatu. Basi nawaachia ninyi mliosikia yote. Mlango uko wazi, injini inanguruma, na Mwalimu ana mguu kwenye breki. Je, nani alistahili kitanda cha pili?